Baba mdogo anataka kuiongezea bastola yake sefti, mama mdogo anauliza kuhusu watoto

Baba yangu mdogo anamiliki bastola kihalali. Wala si siri ya familia. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ombi la kumiliki silaha huanzia kwenye serikali ya mtaa au kijiji, likapanda kwa polisi na kamati za ulinzi na usalama. Mpaka leseni itoke, watu wa kutosha wameshakaa kikao juu yako.

Kazi yake ni kununua mazao. Maharage na mahindi Kasulu, na msimu ukifika, asali ya Kibondo. Siku za gulio huondoka alfajiri na fedha taslimu, kwa sababu mkulima aliyebeba gunia kichwani saa mbili nzima hataki kuambiwa mtandao unasumbua. Hizo fedha ndizo zilizomfanya aombe silaha.

Juzi juzi alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaingia kwenye hoja. "Mwanangu, wewe ni mwandishi wa afya, unasoma mambo. Hii bastola yangu haina sefti. Kuna fundi ananiambia anaweza kuniongezea. Unaonaje?" Kabla sijajibu nikamsikia mama mdogo nyuma yake: "Muulize na kuhusu watoto."

Nyumba hiyo ina wajukuu wawili, wa miaka sita na wa miaka minne, na binti aliye kidato cha pili. Nimelibeba swali hilo wiki kadhaa. Nimesoma na kuuliza watu wanaojua silaha kuliko mimi, na naliandika hapa kwa sababu nina hakika si nyumba hiyo peke yake yenye bastola juu ya kabati.

Kwa asiyeijua, sefti ni swichi ndogo ubavuni mwa bastola, inayosukumwa kwa kidole gumba. Ikiwa imefungwa, hata ukivuta kifyatulio risasi haitoki. Bastola nyingine zinayo, nyingine hazina. Ya baba mdogo ni ya Kichina, ya ukoo wa Tokarev, bastola ya jeshi la Kisovyeti la miaka ya 1930. Tokarev ya asili haikuwekewa swichi ya kidole. Kinga yake ilikuwa kuishusha nyundo ya nyuma hadi nusu ya safari. Miaka mingi baadaye, aina hiyo ilipoanza kuuzwa kwa raia Marekani, ililazimika kuongezewa sefti ili ikidhi masharti ya kuingiza bastola nchini humo. Kwa hiyo swali la baba mdogo limeshaulizwa na wengine, tena na nchi nzima.

Na wataalamu hawajakubaliana. Bastola ya Glock, ambayo jeshi la Austria liliichagua mwaka 1982 na ambayo polisi wa nchi nyingi wanaitumia, kwa kawaida haina swichi hiyo. Kinga zake ziko ndani na kwenye kifyatulio chenyewe. Jeshi la Marekani lilipochagua bastola mpya mwaka 2017 lilichukua yenye swichi. Wote hao ni watu wa kazi hiyo, na hawafanani.

Msomaji wa Dar es Salaam au Moshi anaweza kushangaa kwamba mazungumzo ya namna hii yanafanyika jikoni. Huku kwetu hayashangazi sana. Waliosafiri Kibondo miaka ya nyuma wanakumbuka mabasi yaliyosindikizwa na askari wenye SMG, abiria wakishikilia mifuko yao kimya mpaka pori liishe. Vita vya Burundi kuanzia 1993 na vya Kongo kuanzia 1996 vilituletea majirani wapya, wa Nyarugusu na baadaye Nduta, ambao wengi wao walikuwa wanazikimbia hizo hizo bunduki. Na kwa njia za panya zikaja silaha. Septemba 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Kigoma mjini kushuhudia silaha haramu zaidi ya 5,000 zikiteketezwa. Anayetaka kumcheka baba mdogo kwa kuogopa, aanze kwa kuzihesabu hizo.

Nirudi kwenye sefti. Kwa mtu mzima anayetembea na bastola kiunoni, ina faida yake. Ajali nyingi za mwenye silaha hutokea anapoichomoa au kuirudisha. Kidole kinatangulia kwenye kifyatulio, au kamba ya koti inaingia pale, au pindo la shati linavuta. Baba mdogo huichomeka kwenye suruali, chini ya mkanda, bila ala. Akiketi kwenye bodaboda kutoka Makere, barabara ikimrusha, ile chuma inamkandamiza pajani, na mtutu unaelekea mahali ambapo hata sisi waandishi wa afya tunaandika kwa tahadhari.

Wanaopinga nao wana hoja. Mtu akivamiwa, mikono hutetemeka na akili husahau vitu vidogo. Swichi inabaki imefungwa, anavuta, hakuna kitu. Askari anayefanya mazoezi kila mara atasukuma ile swichi bila kufikiri. Baba mdogo alifundishwa mara moja alipopewa leseni, na tangu hapo hajafyatua hata risasi moja. Mtu kama huyo, sefti inaweza kumsaidia siku 364 na kumwangusha siku moja. Mimi ningechukua hizo 364. Ila ningeanza na ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, maana hiyo haidai kukumbukwa. Na bastola ikitembea bila risasi ndani ya chemba, hoja ya sefti inapungua uzito kabisa.

Kuhusu fundi, jibu nilimpa siku ile ile: hapana. Kutengeneza silaha ni kazi yenye leseni yake, na huyo fundi anatengeneza baiskeli na majembe ya kukokotwa. Sefti mbovu ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu mwenye bastola anaiamini. Kama anataka yenye sefti, aende polisi aulize utaratibu wa kubadilisha.

Hayo ni ya mtu mzima. Swali la mama mdogo ni jingine, na ndilo lililonikosesha usingizi.

Tuanze na vidole. Mwaka 1995 madaktari wa watoto Marekani walichapisha utafiti waliopima nguvu za vidole vya watoto. Walitaka kujua ni wangapi wanaoweza kuvuta kifyatulio kinachohitaji nguvu ya kilo nne na nusu hivi, wakitumia vidole vya mikono yote miwili. Wa miaka mitatu hadi minne, robo waliweza. Wa mitano hadi sita, asilimia 70. Wa saba hadi minane, asilimia 90. Bastola nyingi zinahitaji nguvu pungufu ya hiyo. Nilipomsomea mama mdogo takwimu hizo hakusema kitu. Alimtazama tu mjukuu wa miaka sita, ambaye wakati huo alikuwa anafungua chupa ya soda kwa meno.

Sasa weka sefti. Huyo wa miaka sita anafungua simu ya bibi yake kwa kuchora ile alama ya siri aliyoiona mara moja. Anawasha tochi, anazima data, anarekodi sauti za kuku. Swichi ya bastola imetengenezwa isogee kwa urahisi, kwa sababu mwenye nayo anaihitaji isogee upesi. Mtoto mdadisi ataisukuma juu, ataisukuma chini, atavuta kifyatulio, ataisukuma tena. Kwake ni kidude kingine cha kuchezea.

Hapa kuna jambo ambalo lilinigusa kama mwandishi wa afya. Vifuniko vya dawa vile vya kusukuma na kuzungusha, vinavyotusumbua hata sisi, vilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1970. Ili kifuniko kikubaliwe, kinapimwa kwa watoto wenyewe wa chini ya miaka mitano: wanapewa kopo, wanaachiwa dakika tano wahangaike, na angalau 85 kati ya 100 washindwe. Halafu wanaonyeshwa jinsi ya kulifungua, wanapewa dakika tano nyingine, na bado 80 kati ya 100 lazima washindwe. Sefti ya bastola haijawahi kutakiwa kupita mtihani wa aina hiyo. Sheria ya 1972 iliyounda tume ya usalama wa bidhaa nchini humo iliziacha bunduki nje. Kwa hiyo kopo la panado lilifikiriwa kwa ajili ya mtoto. Bastola ilifikiriwa kwa ajili ya mwenye bastola.

"Lakini wangu nimewafundisha," baba mdogo alisema. "Wanajua hiki hakiguswi."

Namheshimu, na najua wengi wenu mnasema hivyo hivyo. Mwaka 2001 watafiti wa Atlanta, Marekani, walichapisha jaribio ambalo kila mzazi angestahili kulijua. Waliwakusanya wavulana 64 wa miaka minane hadi kumi na miwili, wakawaingiza wawili wawili au watatu watatu kwenye chumba chenye droo, na ndani ya droo moja waliweka bastola halisi isiyo na risasi. Walitazama kwa kioo kisichoonyesha upande wa pili. Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 yaliipata bastola. Kati ya hayo, 16 waliishika, na katika makundi 10 kuna aliyevuta kifyatulio. Karibu nusu ya waliyoiona walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika. Na zaidi ya asilimia 90 ya walioishika walisema waliwahi kufundishwa usalama wa silaha.

Watoto wetu si wa Atlanta, sawa. Wetu wanatengeneza bunduki kwa kuti la mgomba, wanachana vipande vya mgongo wake na kuvipiga vyote kwa mkono vikalia ta-ta-ta-ta. Sikukuu zikifika wamachinga wanapanga bastola za plastiki nyeusi kabisa, kutoka mbali huwezi kuzitofautisha. Wameona askari wa kambini na wa benki. Sijaona kwa nini wawe wagumu wa kushawishika kuliko wale 64.

Nilimweleza baba mdogo jambo moja ambalo hakulijua, na wawili niliowauliza baadaye nao hawakulijua. Yeye akifika nyumbani huchomoa magazini, akaiweka bastola juu ya kabati na magazini chini ya godoro. Aliamini bastola iko tupu. Lakini kama iliwahi kukokiwa, risasi moja imeshapanda kwenye chemba, na kuchomoa magazini hakuiondoi. Kuna bastola nyingi ambazo zitafyatua hiyo moja bila magazini. Mwaka 1991 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichambua vifo vya ajali za bunduki na kukadiria kuwa asilimia 8 vingezuiwa na kifaa cha kumzuia mtoto mdogo asifyatue. Kifaa cha kuonyesha kama kuna risasi ndani kingezuia asilimia 23. Yaani watu wengi zaidi walikufa kwa sababu mtu alidhani ni tupu.

Wawindaji wa zamani wa porini, upande wa Moyowosi, hilo walilielewa bila utafiti. Gobore halina sefti. Baruti inashindiliwa kwa mti, gololi inafuata, na fataki inawekwa mwisho, mnyama akiwa ameshaonekana. Mzee mmoja wa Kibondo aliniambia baba yake alilining'iniza gobore ukutani miaka yote, watoto wanapita chini yake, lakini kopo la fataki hakuna aliyejua lilipo, hata mkewe. Sisemi turudi kwenye magobore, mengi yanamilikiwa kinyume cha sheria na mengine humlipukia mwenyewe. Nasema tu yule mzee alitenganisha vitu viwili, na akili hiyo ndiyo iliyokuja kupimwa na wanasayansi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2005 ulilinganisha nyumba ambazo mtoto au kijana aliumia au kufa kwa bunduki ya nyumbani na nyumba nyingine zenye bunduki. Mambo manne yalionekana kukinga: silaha kufungiwa, silaha kuwa tupu, risasi kufungiwa, na risasi kukaa mbali na silaha. Swichi ya kidole gumba haimo kwenye orodha hiyo.

Utafiti huo ulihusu pia vijana waliojiua. Kwa huyo binti wa kidato cha pili sefti haina maana yoyote. Ana akili ya kuifungua na nguvu ya kuvuta. Vijana hupitia usiku mgumu, wa matokeo ya mtihani, wa mapenzi, wa kutukanwa kwenye simu, na mara nyingi usiku huo hupita. Kinachosaidia ni kwamba usiku ule hakikuwepo kitu cha kushika. Sikuligusa hili mbele ya binti. Nilimvuta mama mdogo pembeni, naye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alishalifikiria kabla yangu.

Tulichofanya ni cha kawaida sana. Fundi wa kuchomelea, siyo yule wa sefti, alitengeneza sanduku la bati nene lenye kufuli, likafungwa kwa boliti ukutani ndani ya chumba chao. Risasi zina kasha lao, chumba kingine, kufuli lingine. Kila jioni baba mdogo huchomoa magazini, huvuta bastola nyuma na kutazama chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole, mtutu ukielekea kwenye kona ya mifuko ya mchanga aliyoipanga mwenyewe, ndipo anaifungia. Analalamika. Anasema mwizi akija usiku atamwomba asubiri atafute funguo mbili. Mama mdogo alimjibu kwamba wezi hawajafika miaka kumi na moja, ila wajukuu wako hapo kila siku.

Hoja yake si ya kupuuza, tusijidanganye. Mwenye silaha iliyofungiwa anachelewa, na kuna usiku ambao kuchelewa kutamgharimu mtu. Mimi nimepima upande wa watoto kuwa mzito zaidi kwa nyumba hiyo. Mfanyabiashara anayeishi peke yake getini kwake anaweza kupima vingine.

Ugomvi uliobaki ni wa funguo. Baba mdogo anataka azivae shingoni yeye tu. Mama mdogo anasema akianguka ghafla njiani, nani atajua kilicho ndani ya sanduku? Mpaka naandika haya hawajaafikiana. Angalau wamekubaliana zisikae juu ya mlango, ambapo kila mtoto wa Kasulu anajua ndipo funguo hukaa.

Kuna jambo moja mama mdogo ameanza kulifanya ambalo mimi sikumshauri. Wajukuu wakialikwa kwenda kushinda kwa watu, siku ya ubarikio au sikukuu, anapiga simu kwanza. Mila zetu hazimruhusu mtu kumuuliza mwenzake, "Je, una bunduki ndani?" Utaonekana mpelelezi, au unataka kumwibia. Kwa hiyo anaanza na yake. Anasema: "Dada, sisi huku mzee ana silaha, tumeifungia kwenye sanduku, na wa kwako wakija kwetu usiwe na wasiwasi. Hawa wangu ni watundu sana, wanafungua kila kitu. Dawa, mafuta ya taa, sumu ya panya, silaha kama ipo, naomba unisaidie kuvifungia." Anaiweka silaha katikati ya sumu ya panya na mafuta ya taa, kana kwamba ni kitu kimoja tu kati ya vingi.

Mpaka sasa amepiga simu kwa nyumba nne. Tatu walicheka wakasema hawana. Wa nne alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Subiri nimuulize baba yao ameiweka wapi."